Kidonda cha Mama Leonard

Dodoma,
6 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii umeipata kwa mkono wa Enock wa pale stendi ya Shelui, maana nilimsisitizia kondakta wa basi la Mwanza asimpe mtu mwingine. Simu wewe huisikii tangu karasha za kusagia mawe zikuharibu masikio, na sasa hata mimi nimekatazwa kuongea. Tumekuwa sawa.

Upasuaji ulifanyika jana na umekwenda vizuri. Unakumbuka fizi yangu ya chini, hapa mbele, ilivyoshuka mpaka mizizi ya meno ikabaki nje, nikawa siwezi kunywa hata maji ya mtungi? Daktari Nathanaeli amekata kipande chembamba cha nyama kwenye kaakaa langu, akakishona pale palipokuwa wazi. Yaani nimetiwa kiraka cha kitambaa changu mwenyewe. Sasa nina vidonda viwili, alipotoa na alipoweka. Cha juu ndicho kinauma zaidi.

Nakunywa uji wa ulezi uliopoa, na mtindi. Nimekatazwa kuvuta mdomo ili kuchungulia, lakini unanijua, nimeshachungulia.

Kuanzia kesho nitakuwa naenda kumulikwa taa. Ni mwanga mwekundu wa nguvu ndogo, wanauita leza. Wanausogeza karibu na kidonda ili kipone upesi. Nitakueleza nikishaona.

Nimefikia hosteli ya kanisa, pametulia. Shule wamenipa ruhusa, watoto wangu wa darasa la kwanza anawafundisha mwenzangu.

Mwanao,
Eliza


Sekenke,
11 Februari 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Bwana asifiwe. Enock ameileta barua mwenyewe na pikipiki yake, nikampa karanga.

Nimeisoma nikafurahi mpaka nilipofika kwenye ile taa. Hapo nikaiweka chini, nikatoka nje kuwafukuza kuku ambao hawakuwa wamefanya kosa lolote.

Eliza, mimi si mtoto. Baba yako naye waliniambia anakwenda kumulikwa. Alipanda basi kwenda Dar es Salaam anatembea kwa miguu yake, na begi amelibeba mwenyewe. Alirudi nyuma ya lori, amefunikwa. Wewe ulikuwa bado sekondari, lakini nadhani unakumbuka ni nani alipanda lile lori kumtambua.

Kama wamekuta kitu kibaya mdomoni mwako, niandikie kwa jina lake. Usinizungushe kwa habari za kiraka.

Huku mvua ni nzuri. Mtama umenifika magotini. Mimi ni mzima.

Mama yako,
Dorika


Dodoma,
16 Februari 2024

Mama,

Shikamoo. Naomba ukae ndipo usome, na uniamini. Sina saratani. Wala hakuna aliyelitaja jina hilo. Fizi ilishuka tu. Daktari anasema zingine huzaliwa nyembamba, na mimi nimezidisha kwa kusugua meno kwa nguvu kama mtu anayesugua sufuria.

Barua yako nilimpa Daktari Nathanaeli aisome, nisamehe. Hakucheka. Alisema, "Mwambie mama ana haki ya kuogopa, maneno yetu yanafanana." Kisha akanieleza taratibu. Mionzi aliyopigwa baba ni kitu kingine, ile inaua nyama mbaya. Huu mwanga hauui, hauchomi, haukati. Unaichochea nyama nzima ijijenge, na uvimbe na maumivu vipungue.

Ukiona wanavyofanya utashangaa. Unavaa miwani ya rangi, unafungua mdomo, anashika kitu kama kalamu, ncha yake inatoa wekundu. Anakisogeza hapa, anatulia, anakisogeza pale. Husikii kitu. Siku ya kwanza nilimwandikia kwenye karatasi, "Umeshawasha?" Akajibu, "Upande huu tumeshamaliza."

Na yeye mwenyewe hasemi ni muujiza. Anasema wagonjwa wengine wanapata nafuu kubwa, wengine kidogo, na anayeponya ni mwili wenyewe. Mimi naona kaakaa limeanza kufunga. Lilikuwa jeupe kama ganda la maziwa, sasa linakuwa la waridi kuanzia pembeni.

Aliniuliza pia kama natumia tumbaku. Nikamwandikia mimi hapana, anayetia ugoro mdomoni ni mama. Akasema nikuambie uache. Nimekuambia.

Eliza


Sekenke,
22 Februari 2024

Mwanangu Eliza,

Marahaba. Sasa nimeelewa, na nimelala usingizi. Mshukuru huyo daktari. Mtu anayesoma barua ya mwanamke wa kijijini asicheke, huyo alilelewa.

Nina swali, si langu. Ni Mama Leonard, jirani yetu. Ana kidonda ubavuni mwa ulimi. Kilianza wakati wa kupanda, akadhani amejiuma. Hakikumsumbua sana mwanzoni. Sasa kingo zake zimekuwa ngumu, kama ukigusa ukingo wa kovu, na maumivu yanavuta mpaka ndani ya sikio. Amesukutua maji ya chumvi, ametafuna mizizi aliyopewa, hakifungi. Amekuwa anakula mlenda na ugali mlaini tu.

Nilipomweleza habari ya taa yako, ameniomba nikuulize. Je, taa hiyo inaweza kumulika ulimi wa mtu mwingine? Kama inaponya kwako palipokatwa kwa kisu, si itaponya kidonda kidogo kisichokatwa na mtu?

Usimtaje kwa watu. Ana aibu.

Mama yako,
Dorika


Dodoma,
27 Februari 2024

Mama mpendwa,

Shikamoo. Leo ni siku njema. Nyuzi zimetolewa, na kiraka kimeshika. Daktari alikigusa kwa kifaa chake, hakikuchezacheza. Nimekula ndizi, Mama, nikaitafuna kwa meno ya nyuma polepole kama bibi, na machozi yakanitoka kwa furaha. Ninaongea sasa, ingawa kwa kubana midomo, na mwenzangu wa hosteli anasema nasikika kama mtu anayeringa.

Habari ya Mama Leonard nimemwuliza daktari. Alikuwa anaandika, akaacha kuandika, akaniuliza huyo mama ni nani na ana umri gani. Nikamwambia ni jirani tu. Anasema hapana, taa haimulikwi juu ya kidonda cha namna hiyo. Taa ni ya kidonda kinachojulikana kimetoka wapi. Kidonda cha mdomoni kisichofunga kwa wiki kadhaa, chenye kingo ngumu, kwanza kitazamwe na kikatwe kipande kidogo kipimwe, kwa sababu kama ni kibaya, kukichochea ni hatari. Amesema asingoje, aende hata kesho, hospitali ya Singida wataanzia hapo. Mfikishie maneno haya, na umhimize.

Nitarudi Singida wiki ijayo na kuanza kufundisha. Pasaka nitakuja nyumbani. Nataka uone fizi yangu kwa macho yako.

Mwanao,
Eliza


Sekenke,
5 Machi 2024

Mwanangu,

Marahaba. Namshukuru Mungu kwa mdomo wako.

Maneno ya daktari nimemfikishia Mama Leonard. Anasema asante. Anasema ataangalia baada ya mavuno.

Pasaka usije. Barabara kutoka Shelui imeharibiwa na mvua, pikipiki inaruka kwenye mawe mpaka meno yanagongana, na wewe umeshonwa juzi. Kaa Singida, upone. Nitakwambia wakati wa kuja.

Dorika


Singida,
24 Machi 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeandika barua mbili hujajibu, na kuhusu safari yangu umetuma kwa Enock neno moja tu, "Asije." Mama, nimekukosea nini? Nyuzi zilishatoka. Daktari mwenyewe ameniruhusu kusafiri. Kaka Zefania anapolima huko Mitundu ni mbali na wewe humlaumu asipokuja, lakini mimi niliye karibu nazuiwa kama mgeni mwenye deni.

Ninajua hukupenda niende Dodoma bila kuja kukuaga. Kama ni hilo, sema. Nitapiga magoti. Ila usininyamazie.

Nakutumia sukari na maziwa ya unga. Wewe mwenyewe uliniagiza maziwa kupitia kwa Enock, wewe ambaye maziwa ulikuwa ukiyaita chakula cha ndama.

Pasaka njema.

Eliza


Singida,
14 Aprili 2024

Mama,

Shikamoo.

Jana alikuja Mama Leonard. Wanawake wa dayosisi walikuwa na mkutano hapa mjini, akaomba kulala kwangu. Nilifurahi. Nilijua ana kidonda, basi nikampikia uji mlaini, nikaupoza, nikamwekea mezani na kijiko kidogo. Akautazama, akanitazama.

"Eliza," akasema, "mimi ni mgonjwa?"

Nikamwambia asione aibu, mama alinieleza. Akauliza, "Alikueleza nini?" Nikasema, "Kidonda cha ulimi."

Aliusukuma uji pembeni. Nikamwomba samahani, nikamwambia naomba nikione. Akatoa ulimi, Mama. Niliuangalia juu, chini na kila upande kwa mwanga wa dirishani. Ni mzima kama wa mtoto. Amekula kwangu nyama ya kuchoma na muhogo mbichi.

Aliporudisha ulimi hakuwa ananiangalia tena. Alisema, "Mama yako ndiye ameacha kula ugali. Kanisani haimbi. Tukimsemesha anaandika kwenye kiganja kwa kidole, anasema ni masikio, lakini masikio hayamzuii mtu kusema."

Barua hii anaibeba yeye mwenyewe, atakukabidhi mkononi. Mimi ninaomba ruhusa kesho asubuhi kwa mwalimu mkuu na ninakuja. Usinikataze. Na usiondoke nyumbani.

Eliza


Sekenke,
15 Aprili 2024

Eliza mwanangu,

Marahaba.

Ninaandika nikiwa najua utafika kabla hata sijampata mtu wa kuipeleka. Nitakupa mkononi. Nimeona niandike, kwa sababu kusema kunanichosha na ukilia mbele yangu sitamaliza.

Usimlaumu Mama Leonard. Hakujua kitu. Nilichukua jina lake kwa kuwa lilikuwa karibu.

Nilipata kidonda, nikakificha. Wewe ulikuwa umesubiri sana kutibiwa huo mdomo. Ningekuambia, ungeshuka kitandani na nyuzi zako ukaja mbio, kiraka kingeng'oka. Hiyo ndiyo sababu niliyojipa mchana. Nyingine ni lori la baba yako. Naogopa kufia mahali ambapo hakuna anayejua jina langu.

Jibu lako lilipofika nilikuwa nimesimama mlangoni. Mwanzoni nilicheka pale uliposema unaringa. Kisha nikasoma kwamba daktari aliacha kuandika akauliza huyo mama ni nani. Hapo nilielewa. Sikuhitaji kusoma yaliyofuata, ingawa niliyasoma mara nyingi.

Sikukukasirikia hata siku moja. Nilikunyamazia kwa kuwa kila nilipoanza kuandika, mkono ulikuwa unataka kukuita.

Umefika. Nasikia mbwa.

Mama


Dodoma,
29 Aprili 2024

Kaka Zefania,

Shikamoo. Simu yako haipatikani, nadhani uko shambani kusikoshika mtandao. Natuma barua hii kwa basi la Itigi, mtu wa dukani atakufikishia Mitundu. Ukiisoma, anza safari.

Mama ana saratani ya ulimi. Nilimleta kwanza kwa Daktari Nathanaeli, yule aliyenishona, kwa kuwa mama alisema huyo tu ndiye anamwamini. Aliingia akiwa amevaa kitenge chake cha harusi za watu. Kabla hata ya kukaa akaonyesha kile kifaa cha taa juu ya meza, akasema kwa taabu, "Na mimi nimulike."

Daktari akavaa glavu, akatazama ulimi, akapapasa shingo chini ya taya. Alikaa kwenye kiti kidogo ili wawe sawa kwa urefu, akamwambia karibu na sikio, kwa sauti, "Mama, hii taa ningekupa kwa mikono miwili kama ingekusaidia. Haitakusaidia. Ningekudanganya."

Mama akatikisa kichwa. Akamgongagonga mkononi, kama vile daktari ndiye aliyepewa habari mbaya.

Siku ileile alituandikia karatasi ya kwenda hospitali kubwa. Walikata kipande, majibu yamekuja leo. Imeshafika kwenye shingo. Wanasema mionzi Dar es Salaam inaweza kupunguza uvimbe na maumivu kwa muda, kuondoa haiwezi. Wanataka jibu letu. Mimi siwezi kulitoa peke yangu, kaka. Njoo.

Kila nikipiga mswaki naiona fizi yangu imeshika vizuri kabisa, na nasikia hasira nayo.

Mdogo wako,
Eliza


Dodoma, wodini,
5 Mei 2024

Wanangu Zefania na Eliza,

Mmetoka kwenda kuninunulia maziwa, na najua mko nje ya geti mnabishana. Zefania anataka niende Dar. Eliza anataka nifanye ninalotaka mimi, ila hathubutu kuniuliza ni lipi. Ulimi hauniitikii tena, basi nisomeni.

Nataka kwenda nyumbani.

Zefania, hujashindwa. Nimemwuliza daktari wa hapa kwa maandishi kama mionzi ingeniponya, naye akaniandikia, "Hapana." Aliandika vizuri, bila kukwepa. Wamesema kuna dawa ya maji ya maumivu, naweza kupewa huku, na Singida wataendelea kunipa. Inatosha.

Eliza, usiwe unafunika mdomo ukicheka na wauguzi kisa mimi naumwa. Nilikuona jana. Mdomo huo umeutaabikia sana.

Tuondoke kukiwa mapema ili tupite ule mlima wa Sekenke kukiwa na jua. Nataka kuyaona mashamba yote ya kule chini.

Mama yenu,
Dorika


Sekenke,
24 Juni 2024

Daktari Nathanaeli,

Habari za kazi. Nimepata ujumbe wa kliniki unaonikumbusha kuja kuangaliwa fizi. Naomba radhi kwamba sikuja. Mama alifariki tarehe kumi na mbili, tukamzika Jumamosi iliyofuata, pembeni ya baba.

Ninaona nikuandikie kwa sababu uliuliza habari zake kila nilipopiga simu, na kwenye simu sikuwa namaliza sentensi.

Alikaa nyumbani zaidi ya mwezi. Dawa ya maji ilimsaidia, kuna siku alikaa nje na kuchambua mboga. Zefania hakurudi Mitundu, alikuwa anambeba kumtoa na kumrudisha. Mama Leonard alikuja kila siku. Alikuwa anachukizwa na jambo moja tu, kwamba mama alitumia jina lake akaumwa peke yake. Alimwambia sikioni, "Ungeniambia, tungeumwa wote." Mama alicheka bila sauti, mpaka akashika shingo kwa maumivu.

Wiki ya mwisho, asubuhi moja nilikuwa namlowesha midomo kwa pamba. Akanishika kidevu. Nilidhani anataka maji. Akavuta mdomo wangu wa chini kwa kidole gumba, taratibu, akaangalia fizi. Nilipiga magoti ili mwanga wa mlangoni uingie. Aliangalia muda mrefu, jino hadi jino, kama anavyochagua mbegu. Kisha akanifunga mdomo kwa mkono wake, polepole, namna mtu anavyofunga mlango wa chumba alicholala mtoto.

Sijui alichotaka kusema. Hakuandika kitu siku ile.

Nina ombi moja, Daktari. Mtu akija kwako kumulikwa na akakuuliza kwa niaba ya jirani, mwulize jirani huyo anakaa nyumba ya nani. Mimi sikuuliza. Nilikuwa nakula ndizi.

Nitakuja baada ya mavuno. Mtama wa mama umeiva wote kwa pamoja na ndege wameshaanza, na Zefania ananiita shambani.

Wako,
Eliza